Katherine na Alex mbele ya Baraza la Usuluhishi

Mume na mke wanazozana ndani ya gari. Wameshakubaliana kuachana, kilichobaki ni kupanga lini na vipi. Mara njia inazibwa na maandamano ya kidini: watu wamebeba sanamu, bendi inapiga, gari haliendi mbele wala nyuma. Wanashuka. Ghafla kelele zinapigwa kwamba muujiza umetokea, umati unakimbilia huko, mke anazolewa na watu na kuanza kuita jina la mumewe. Mume anapenya, anamfikia, wanakumbatiana, wanaambiana kwamba wanapendana. Picha imekwisha.

Hivyo ndivyo inavyomalizika Viaggio in Italia, filamu ya mwongozaji Roberto Rossellini iliyotoka mwaka 1954. Ilipoonyeshwa kwao Italia haikupata watu. Paris, vijana waliokuwa wakiandika katika jarida la Cahiers du cinéma waliipokea kwa shangwe, na mmoja wao, Jacques Rivette, aliandika mwaka 1955 barua ndefu ya kumsifu Rossellini. Tangu hapo watazamaji wamegawanyika, na kinachowagawa zaidi ni hizo dakika chache za mwisho. Watu waliokwisha kutamka talaka wanawezaje kurudiana kabla moshi wa gari haujatulia?

Hapa ubishi huo umehamishiwa Lushoto, na kwa sababu. Mji huo wa Usambara Magharibi ndio wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako vijana kutoka kila pembe ya nchi huja kusomea sheria na kazi za mahakama. Na katika vijiji vinavyouzunguka, kama kwingine Tanzania, ndoa iliyoharibika haifiki kwa hakimu mpaka ipite kwanza mikononi mwa wazee wa baraza. Wazungumzaji wanne wafuatao ni wa kubuni na wanaitwa kwa kazi zao: Mwalimu mstaafu wa Kiswahili kutoka Mlalo, Mama anayefanya biashara ya mboga Soni, Binti anayesoma sheria, na Mzee aliyekaa barazani miaka mingi. Filamu, sheria na hukumu wanazozitaja si za kubuni.

Mwalimu ndiye anayefungua, kwa kuwa picha aliichagua yeye. Katherine na Alex Joyce ni Waingereza, anasema. Ingrid Bergman anacheza mke, George Sanders anacheza mume. Wamekuja Napoli kuuza nyumba aliyoiacha ndugu yao marehemu, Mjomba Homer. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyelala njaa, hakuna mke wa pili. Wana gari aina ya Bentley na nyumba yenye baraza linaloutazama mlima Vesuvius.

"Shida yao ni nini basi?" anauliza Mzee.

"Shida yao ni kwamba wamebaki wawili," anajibu Mwalimu. "Kule London kulikuwa na kazi na wageni. Huku njiani mke anagundua kwamba tangu waoane hawajawahi kukaa peke yao namna hii, na kwamba huyu aliye kando yake hamjui."

Mama anasema alikaa saa nzima akisubiri ugomvi uanze. Alex akitia neno ni la kejeli. Katherine akijibu, anajibu kwa kununa. Anakwenda jumba la makumbusho peke yake, anatazama masanamu ya kale. Mume anakwenda zake kisiwani Capri kumtongoza mwanamke mwingine, anakataliwa, anarudi. Halafu kimya tena. "Mtu wa banda la video Soni angerudishiwa hela," anasema. "Hata yule DJ Mark, aliyezoea kuwatia Wahindi na Wachina maneno ya Kiswahili mdomoni, hapa angekwama. Na marehemu Lufufu vilevile. Watu wenyewe hawasemi, wewe utawasemea nini?"

Mwalimu haoni kasoro hapo. Anamkumbusha kwamba mtazamaji wa Tanzania amezoea ndoa iliyoharibika kwa kelele. Filamu za Bongo zimejaa mama mkwe, nyumba ndogo na mganga. Tamthilia zetu zilizosomwa shuleni nazo husema wazi kinachouma: katika Wakati Ukuta ya Ebrahim Hussein, iliyotoka miaka ya 1970 ilipoanza, Tatu anazozana na mama yake kwa sababu anataka kwenda sinema na Swai, anaolewa naye kinyume cha ridhaa ya nyumbani, na ndoa haidumu. Pale mtazamaji anajua chanzo: wazee upande mmoja, vijana upande mwingine, fedha katikati. "Rossellini amekuondolea vyote hivyo," anasema. "Hakuna wakwe, hakuna deni, hakuna hata mtoto. Umeachiwa wawili uwatazame."

"Hilo la mtoto hukulitazama vizuri, Mwalimu," Mama anamkatiza. "Mwanamke yule kila akipita mitaani anaona wajawazito na watoto kwenye vigari. Anawahesabu. Mume haulizwi na wala hajiulizi. Ungekuwa huku kwetu, mwaka wa pili tu shangazi wangekuwa wamekwishamkalisha chini."

"Na hiyo ingekuwa nafuu?" anauliza Binti.

"Sijasema nafuu, mwanangu. Nimesema asingenyamaziwa."

Kuhusu mwisho wa filamu, Mzee hana taabu nao. Anasema ameona barazani watu waliokaa wamepeana mgongo asubuhi, na jioni wakaondoka na pikipiki moja. Binadamu hakasiriki kwa mstari ulionyooka. Wale wawili walikuwa wamejaa kiburi. Walipotenganishwa na umati kila mmoja akaonja ladha ya kumkosa mwenzake, kiburi kikavunjika. "Mungu hutumia njia zake," anasema, na kwa vile kuna sanamu na maandamano, Mzee, ingawa yeye ni Mwislamu wa kuswali tano, haoni tabu kuamini kwamba muujiza uliopigiwa kelele uliwagusa na hao wawili.

Mama hakubali. Kwake ule ni woga. Mwanamke amezungukwa na maelfu ya watu asiowajua, lugha haijui, anasukumwa, angemwita yeyote. Mfa maji haachi kutapatapa. "Na sikilizeni namna mume anavyojibu. Mke anamwambia amtamkie kwamba anampenda, yeye anataka kwanza ahakikishiwe kwamba neno hilo halitatumiwa kumkandamiza. Hiyo ni bei ya sokoni! Mtu anayependa anaweka masharti?"

"Anayeogopa ndiye anayeweka," anasema Mwalimu. "Na mtu haogopi kupoteza asichokitaka."

Binti anadai wote wanabishania mahali pasipo penyewe. Mwisho wa filamu, anasema, ulianza kule Pompeii, na anataka warudi pale wapatazame polepole.

Kilichotokea ni hiki. Alex na Katherine wamemaliza kutamkiana talaka, na dakika hiyohiyo anaingia mwenyeji wao, Tony Burton, Mwingereza aliyeoa huko. Amejaa furaha: wachimbaji wamegundua uwazi ardhini, waje haraka waone. Hawataki kwenda, yeye anashikilia, wanakwenda. Pompeii ni mji uliofukiwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79. Miili iliyokuwa ndani ya majivu ilioza, majivu yakawa magumu, pakabaki mashimo yenye umbo la mtu. Mwaka 1863 mwanaakiolojia Giuseppe Fiorelli alianzisha njia ya kumimina plasta ndani ya mashimo hayo, kuiacha igande, kisha kuondoa udongo. Kamera ya Rossellini inatazama kazi hiyo bila haraka. Wafanyakazi wanakwangua na kupangusa. Unatokea mguu, kisha mkono, kisha fuvu lenye meno. Wanaendelea kupangusa, na kando ya huyo anatokea mwingine. Ni mwanamume na mwanamke, wamelala pamoja kama walivyokutwa na mauti, na mtu mmoja anakisia kwa sauti kwamba huenda walikuwa mume na mke. Katherine anaangua kilio na kuondoka mbio.

"Hapo ndipo ndoa yao iliposhikwa," anasema Binti. "Njiani kurudi wanaanza tena kuparurana, lakini Alex ameshakiri kwamba naye aliguswa. Umati wa mwishoni umekuta mlango uko wazi."

Mzee anaipenda hoja hiyo, ila anaigeuza. Anataka wamtazame Tony. Mtu yule hajui kwamba wageni wake wameachana sasa hivi, angejua angewaacha. Na ule umati wa maandamano haujui hata majina yao. "Kwa hiyo waliosaidia ni watu wasiojua lolote. Mnaona? Ndoa ya watu wawili peke yao ni mzigo. Hata huyo Mzungu mwongozaji alipotaka kuwapatanisha watu wake, ilimbidi awaite wengine."

Kwa Mzee hilo si jambo geni. Katika milima hii ndoa imekuwa shughuli ya wengi tangu zamani za masimulizi. Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu na kuanzisha ufalme wa Wakilindi, alijiunga na wenyeji kwa kuoa kwao. Simulizi zinasema watu wa Vugha walimpa mke, na mtoto wa mwanamke huyo ndiye aliyekuja kurithi. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vugha mpaka alipofariki mwaka 1862, alikuwa na wake wengi na aliwaweka wanawe wawe watawala wa sehemu mbalimbali. Katika nyumba ya mtawala, wajomba wa mtoto walikuwa nguvu ya kisiasa. Mke hakuwa mtu mmoja aliyekuja na sanduku lake. Nyuma yake ulikuwapo ukoo mzima uliokuwa ukitazama anavyotendewa.

"Ukoo ukitazama na ukasema, sawa," anajibu Mama. "Shikamoo yako naitoa, Mzee wangu, lakini huko barazani hamtazami. Mwanamke anakuja na jicho limevimba, mnamwuliza kwanza alimjibu nini mumewe. Wale wa Pompeii hawakumjua Katherine, ndiyo maana hawakumwambia avumilie. Ninyi mnatujua. Mnajua baba zetu, mume ni mtoto wa rafiki yako uliyekuwa naye jandoni. Shauri langu unalisikiliza kwa sikio lake."

Mzee ananyamaza kidogo. Kisha anasema si mabaraza yote, na si kila mjumbe. Hakatai.

Binti anaingiza sheria, na hapa mjadala unapata kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Mwaka 1953, filamu ilipokuwa ikipigwa, Italia haikuwa na talaka kabisa. Alex na Katherine walikuwa raia wa Uingereza, na kwao talaka ilikuwapo, lakini chini ya misingi iliyowekwa na sheria ya mwaka 1937, iliyotaka mmoja awe na kosa: uzinzi, ukatili, kumtelekeza mwenzake kwa miaka 3, au ugonjwa wa akili usiopona. Kukubaliana tu kwamba tumechokana hakukutosha. Alex alikwenda Capri, hakupata alichokifuata. Usiku mmoja Napoli alimpakia kahaba garini, akamrudisha alikomtoa. "Kwa hiyo wanavyotamka talaka mle ndani ya nyumba ya Mjomba Homer," anasema Binti, "ni maneno tu. Wangefika London, mwanasheria angewauliza: kati yenu mkosaji ni nani?"

Waitaliano wenyewe walikuwa na hali mbaya zaidi, na mwongozaji Pietro Germi aliifanyia mzaha mkali katika Divorzio all'italiana ya mwaka 1961. Marcello Mastroianni ni bwana mkubwa wa Sicily aliyemchoka mkewe. Hawezi kumwacha, basi anamtegea amfumanie na mwanamume mwingine, amwue, kisha ajitetee kwa heshima ya familia. Kifungu cha 587 cha sheria ya adhabu kilimpa mwuaji wa namna hiyo kifungo cha miaka 3 hadi 7 tu. Watazamaji walicheka, na filamu ikapata tuzo ya Oscar ya hadithi na muswada. Kifungu chenyewe kilikuja kufutwa mwaka 1981.

Halafu ndani ya miezi mitano nchi tatu ziligeuza ukurasa. Italia ilipitisha sheria ya talaka tarehe 1 Desemba 1970. Uingereza ilianza kutumia sheria yake mpya tarehe 1 Januari 1971. Tanzania ikaanza kutumia Sheria ya Ndoa, namba 5 ya mwaka 1971, tarehe 1 Mei. Waitaliano walirudi kupiga kura ya maoni Mei 1974, na zaidi ya asilimia 59 walikataa talaka kufutwa. Uingereza na Tanzania zote mbili ziliondoka kwenye swali la nani mkosaji na kuuliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.

"Tofauti ni mlango wa kuingilia," anasema Binti. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinazuia ombi la talaka kupelekwa mahakamani kabla mgogoro haujafikishwa kwenye Baraza la Usuluhishi na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Bila cheti cha baraza, hakimu wa kawaida hukurudisha ulikotoka. Kwa maana hiyo sheria ya Tanzania imemchukua Tony Burton na ule umati, ikawapa viti na mhuri.

Mwalimu anacheka. Mama hacheki. Anataka kujua habari ya nyumba.

"Nyumba ipi?"

"Ya Mjomba Homer. Picha nzima ni safari ya kuuza nyumba, na hakuna anayeuliza mke atatoka na nini. Mimi hapa Soni nalima, napalilia, naosha karoti, nazijaza kwenye viroba, Fuso linapakia linakwenda Kariakoo. Anayepokea hela ni nani? Jina kwenye shamba ni la nani? Sasa niambieni mambo ya kupendana."

Binti anamjibu kwa shauri ambalo kila mwanafunzi wa sheria nchini hulisoma, la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama, inapogawa mali ya ndoa, itazame mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mahakama za chini zilikuwa zikibishana kama kupika, kufua na kulea ni mchango au ni wajibu tu wa mke. Mahakama ya Rufani ilisema ni mchango. Hukumu hiyo ndiyo inayotajwa mpaka leo mwanamke asiye na risiti anapodai sehemu yake.

"Naye Bi Hawa alipata ngapi?"

Binti anasita. Hakuongezewa kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe aliwahi kumpa fedha za kufanyia biashara na kwamba alizitapanya. Alishinda hoja, wakafaidika wengine.

"Haya," anasema Mama. "Hiyo ndiyo ingetengenezewa picha."

Mwalimu anajaribu kuwarudisha kwa Bergman. Mwigizaji yule, anasema, alikuwa akicheza ndoa mbaya huku akiongozwa na mumewe wa kweli. Uhusiano wake na Rossellini ulipojulikana, kila mmoja akiwa bado na ndoa nyingine, Marekani ilichafuka. Machi 1950 seneta Edwin Johnson wa Colorado alisimama kwenye Baraza la Seneti kumshutumu. Walioana mwaka huohuo, wakazaa watoto 3, na kufikia 1957 walikuwa wameachana. Rossellini aliwapa Alex na Katherine mwisho ambao yeye mwenyewe hakuupata. Je, hiyo haionyeshi kwamba mwisho ule ni tumaini la mtu, si taarifa ya yaliyotokea?

Mzee haoni tofauti. Kila anayekuja barazani huleta tumaini na taarifa vikiwa vimechanganyika, na kazi ya mjumbe ni kuvichambua. Binti anamshika hapohapo: basi avichambue. Tuseme ule umati haukutokea. Katherine amepanda kutoka Mombo, kona baada ya kona, akafika mbele ya baraza la Mzee anataka cheti. Mumewe hajampiga. Hajathibitika kuzini. Hajamtelekeza. Amemkejeli tu, miaka na miaka, na Katherine naye amelipiza kwa kumkumbusha kijana mshairi aliyempenda zamani akafa. Kifungu cha 107 kinataja ukatili wa mwili au wa akili kuwa miongoni mwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kejeli ni ukatili?

"Kejeli si ukatili," anasema Mzee. "Ningewapa wiki nne warudi."

"Wangerudi vilevile," anasema Binti. "Na sheria haikudai umpate mwenye hatia, Mzee wangu. Inakuuliza kama kuna cha kurekebisha."

Mwalimu anasema kipo, maana aliwaona wakikumbatiana. Mama anamwambia aliwaona kwa sekunde ishirini, kisha kamera ikahamia kwa watu wanaopita, na hakuna aliyewaonyesha wakipanda gari kurudi nyumbani.

Mzee anauliza kama wiki mbili zitatosha.

"Andika mbili," anasema Mama, "ila siku hiyo waite wajumbe wawili wanawake, na mwambie mwanamume aje na hati ya ile nyumba."